Alama na Kosa: Upimaji na Tathmini ya Ujifunzaji wa Kiswahili katika Shule za Njombe na Makambako

IKISIRI

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo kati ya alama anayopewa mwanafunzi na kosa alilolifanya, kwa kulitazama somo la Kiswahili katika mazingira ya kiisimu ya Njombe na Makambako. Hoja kuu ni kwamba alama ikisimama peke yake hutosha kumpanga mwanafunzi katika orodha, lakini haitoshi kumwelekeza mwalimu juu ya hatua ya kuchukua baada ya mtihani. Wanafunzi wawili wanaweza kupata alama ileile kwa sababu zinazotofautiana kabisa, na kila mmoja akahitaji msaada wa namna yake. Makala yanaeleza dhana za msingi, historia ya upimaji nchini Tanzania, stadi za lugha zinazopimwa na zisizopimwa, aina za makosa na chimbuko lake, na mbinu nyepesi ambazo mwalimu mwenye darasa kubwa anaweza kuzitumia ili mtihani uendelee kufundisha hata baada ya kusahihishwa.

1.0 Utangulizi

Mji wa Makambako umo katika njia panda. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia huachana na barabara iendayo Njombe na Songea, na hapo ndipo ilipo stesheni mojawapo ya reli ya TAZARA. Wafanyabiashara, madereva, mafundi na wakulima wa makabila mbalimbali hukutana katika mji huo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni na stendi. Ukifuata barabara ya kusini kwa takriban kilomita 60 unafika Njombe mjini, makao makuu ya mkoa ulioanzishwa rasmi mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa. Katika vijiji vya Njombe, hasa maeneo ya mashamba ya chai, viazi na miti, watoto wengi husikia Kibena nyumbani kabla ya kukutana na Kiswahili cha darasani.

Mtoto wa stendi ya Makambako na mtoto wa kijiji cha Lupembe hufanya mtihani mmoja wa taifa, kwa karatasi moja na mwongozo mmoja wa usahihishaji. Hilo ni jambo la haki, kwa kuwa mtihani wa taifa hauna budi kuwapima wote kwa kipimo kimoja. Swali linalobaki ni la mwalimu wa darasa: je, alama zinaporudi, zinamweleza nini kuhusu kila mmoja wa watoto hao? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuanzia katika dhana zenyewe.

2.0 Dhana za kupima, kutahini na kutathmini

Maneno kupima, kutahini na kutathmini hutumika kwa kubadilishana katika mazungumzo ya kawaida ya walimu, ingawa kitaaluma yanatofautiana. Kupima ni kukusanya taarifa kuhusu kile ambacho mwanafunzi anakijua au anaweza kukitenda. Taarifa hizo zinaweza kutokana na maswali ya mdomo, kazi ya daftari, zoezi la imla, mjadala wa vikundi au jaribio la wiki. Kutahini ni namna moja tu ya kupima, yenye utaratibu rasmi, muda maalumu na karatasi ya maswali. Kutathmini ni kutoa hukumu juu ya taarifa zilizokusanywa, yaani kuamua kama lengo limefikiwa, kwa kiasi gani, na hatua gani ifuate.

Kutokana na ufafanuzi huo, mtu anaweza kupima bila kutathmini. Mwalimu anayesahihisha majaribio kila Ijumaa, akajaza alama katika kitabu chake, kisha akaendelea na mada inayofuata katika azimio la kazi kama ilivyopangwa, amepima. Tathmini haijafanyika mpaka taarifa zile ziguse uamuzi fulani: kurudia mada, kubadili mbinu, kuwagawa wanafunzi katika vikundi au kuliandika upya swali lililokuwa na kasoro.

Mwaka 1967, Michael Scriven alitofautisha tathmini inayofanyika wakati kazi ingali ikiendelea na ile inayofanyika mwishoni. Benjamin Bloom na wenzake waliihamishia tofauti hiyo katika ujifunzaji wa mwanafunzi, na katika mitaala ya Tanzania inatajwa kwa istilahi za upimaji endelevu na upimaji tamati. Mwaka 1998, Paul Black na Dylan Wiliam walipitia tafiti nyingi za upimaji wa darasani na kuonesha kwamba upimaji endelevu huinua ujifunzaji pale tu taarifa zake zinapotumika kurekebisha ufundishaji. Kwa hiyo, wingi wa majaribio hauufanyi upimaji kuwa endelevu. Shule inaweza kutoa jaribio kila wiki na bado ikawa inafanya upimaji tamati mdogomdogo unaojirudia.

Sifa mbili za kipimo bora zinafaa kutajwa hapa. Ya kwanza ni uthabiti: kipimo kitoe matokeo yanayokaribiana kikirudiwa katika hali zinazofanana. Ya pili ni uhalali: kipimo kipime kile hasa kilichokusudiwa. Mizani inayozidisha gramu mia moja kila siku ina uthabiti lakini haina uhalali. Vivyo hivyo, swali la ufahamu linaloweza kujibiwa kwa kunakili sentensi iliyobeba neno la swali linaweza kutoa matokeo yaleyale mwaka hadi mwaka bila kupima ufahamu.

3.0 Usuli: namna alama ilivyotawala

Nafasi ya alama katika shule za Tanzania haikutokea kwa bahati. Mfumo wa elimu uliorithiwa kutoka kwa wakoloni ulikuwa na nafasi chache za sekondari, na mtihani ulikuwa chombo cha kuchuja. Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka alioutoa Machi 1967, Julius Nyerere alieleza kwamba elimu ya msingi haikupaswa kuwa maandalizi tu ya kuingia sekondari, na kwamba mtihani ulikuwa umepewa uzito kupita kiasi. Mwaka 1971 Tanzania Bara ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 Baraza la Mitihani la Tanzania lilianzishwa kwa sheria ya Bunge.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikwenda mbali zaidi kwa kutaka maendeleo ya mwanafunzi yapimwe pia kwa kazi zake za kila siku na mwenendo wake, badala ya kutegemea mtihani mmoja wa mwisho. Kuanzia mwaka 1976 alama za maendeleo zilianza kuhesabiwa katika matokeo ya mwisho ya sekondari. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, utekelezaji uliifanya kazi ya kila siku nayo izae alama ya kupelekwa kwenye Baraza. Mwalimu aliyetakiwa kumfuatilia mwanafunzi akawa mkusanyaji wa tarakimu, na daftari la maendeleo likawa tawi la mtihani.

Matukio ya baadaye yameonesha gharama ya kuitegemea tarakimu pekee. Mwaka 2012 taifa lilitangaziwa kwamba maelfu ya wanafunzi waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza hawakumudu kusoma na kuandika. Wanafunzi hao walikuwa wamefanya mtihani, wamepata alama na wamechaguliwa. Tathmini za Uwezo, zilizoanza kufanyika nchini mwaka 2010 kwa kuwapima watoto majumbani mwao, nazo zilionesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka huohuo wa 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri katika matokeo yaliyotangazwa mwanzo, kabla ya matokeo hayo kufutwa na kupangwa upya mwaka 2013. Mjadala mkubwa uliofuata ulihusu viwango na madaraja, na ndiyo maana nchi ilihamia kwenye mfumo wa wastani wa alama na kisha kurejea kwenye madaraja katika kipindi kifupi. Swali la aina ya makosa waliyoyafanya watahiniwa lilipata nafasi ndogo zaidi.

Yapo mabadiliko yanayoelekea upande mwingine. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulianza kutumika katika madarasa ya awali ya shule ya msingi mwaka 2015. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha utaratibu wa kutangaza shule na wanafunzi walioongoza kitaifa. Mitaala mipya iliyoanza kutekelezwa mwaka 2024 inasisitiza umahiri, na muundo mpya wa elimu unaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba. Jambo hili la mwisho lina uzito wake. Mwaka mmoja ukipungua, muda wa kumgundua mtoto asiyejua kusoma kabla hajavuka kwenda sekondari unapungua pia.

4.0 Stadi za Kiswahili zinazopimwa na zisizopimwa

Mihtasari ya Kiswahili hutaja stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi umekuwa ukigusa sarufi, lugha ya kifasihi, ushairi, utungaji na ufahamu. Tangu mwaka 2012, majibu ya kuchagua yamekuwa yakisahihishwa kwa mashine. Njia hiyo imeharakisha kazi na kupunguza upendeleo wa msahihishaji, yaani imeongeza uthabiti. Upande wa uhalali, kuna gharama iliyolipwa. Utungaji, kwa mfano, umekuwa ukipimwa kwa kumtaka mtahiniwa apange sentensi zilizovurugwa kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Anayezipanga vizuri ameonesha kwamba anatambua mtiririko wa mawazo ya mtu mwingine. Bado hajaonesha kwamba anaweza kuanza na ukurasa mtupu na kuandika mtiririko wa mawazo yake.

Katika kidato cha nne hali ni tofauti kiasi, kwa kuwa mtahiniwa huandika insha, hufupisha habari na hujadili kazi za fasihi. Hata hivyo, mtihani ni wa maandishi peke yake. Mwanafunzi anaweza kufaulu somo la Kiswahili kwa daraja la juu bila kusikilizwa hata mara moja akitoa hoja, akisimulia au akijibu swali la papo kwa papo.

Kisichopimwa hupotea pia katika ufundishaji. Mwalimu anayejua kwamba kuzungumza hakuna alama atakipunguzia muda kipindi cha mdahalo mitihani ya utamilifu, ambayo wengi huiita moku, inapokaribia. Katika mazingira ya Njombe athari yake ni kubwa, kwa kuwa stadi za kusikiliza na kuzungumza ndizo zinazofichua tofauti kati ya mtoto asiyejua jambo na mtoto anayelijua lakini hajapata namna ya kuliandika.

5.0 Mazingira ya kiisimu na chimbuko la makosa

Lugha za eneo hili ni nyingi. Kibena huzungumzwa kwa wingi Njombe, Kikinga na Kiwanji Makete, Kipangwa Ludewa, na Kihehe upande wa Iringa. Makambako, kwa kuwa mji wa njia panda, hukusanya wasemaji wa zote hizo pamoja na wageni kutoka mikoa mingine. Zote ni lugha za Kibantu kama Kiswahili chenyewe, na jambo hilo lina manufaa na matatizo kwa anayepima.

5.1 Makosa yanayotokana na sauti

Kibena, kama zilivyo lugha kadhaa za Nyanda za Juu Kusini, hakitumii r na l kutofautisha maana ya maneno. Kiswahili hufanya hivyo katika jozi kama kula na kura, mahali na mahari, kalamu na karamu. Mwanafunzi anayeandika kwamba wananchi walipiga kula siku ya uchaguzi amekosea tahajia, na katika mtihani wa kuchagua amekosa swali zima. Hata hivyo, akiulizwa kwa mdomo watu walifanya nini siku hiyo, huenda akaeleza sanduku, karatasi na foleni bila kusita. Maana anayo, na kinachomkwamisha ni sauti. Dawa yake ni mazoezi ya kusikiliza na kutamka jozi za maneno, kisha imla fupifupi. Kumrudisha kwenye msamiati wa uchaguzi hakumsaidii, kwa kuwa hapo hana tatizo.

Hali kama hiyo hutokea kwa sauti dh, th na gh, ambazo zimeingia Kiswahili kupitia maneno yenye asili ya Kiarabu na hazimo katika lugha nyingi za eneo hili. Mwanafunzi akiandika zahabu badala ya dhahabu, msahihishaji ana haki ya kuhesabu kosa. Mpimaji hana budi kulihesabu mahali panapostahili, yaani katika tahajia, na kulitenga na alama za ufahamu wa habari.

5.2 Makosa ya upatanishi wa kisarufi

Hapa tafsiri ya kosa inahitaji uangalifu zaidi. Imezoeleka kudhani kwamba makosa ya upatanishi, kama vitabu hizi au kiti yangu, hutokana na lugha ya kwanza. Kwa mtoto Mbena dhana hiyo haikubaliki kwa urahisi, kwa sababu Kibena kina mfumo kamili wa ngeli na upatanishi. Anayesema umunu kwa mtu na avanu kwa watu anajua tangu utotoni kwamba kiambishi cha nomino huamrisha umbo la maneno yanayoifuata. Kwake, lugha ya nyumbani ni nyenzo ya kufundishia. Mwalimu anaweza kuanza na upatanishi wa Kibena ambao mtoto ameumudu, kisha akamwonesha viambishi vya Kiswahili vinavyofanya kazi hiyohiyo.

Chimbuko la vitabu hizi linaweza kuwa kwingine kabisa. Kiswahili cha mazungumzo katika miji yenye mchanganyiko wa watu hulegeza upatanishi, na mtoto wa mjini ambaye Kiswahili ndiyo lugha yake ya kwanza huenda akawa ameyasikia maumbo hayo kila siku. Huyu hahitaji kufundishwa kwamba ngeli zipo. Anahitaji kuoneshwa kwamba kuna Kiswahili cha stendi na Kiswahili sanifu, na kila kimoja kina mahali pake. Kwa upande wa pili, mwanafunzi anayeandika kifaru kimekimbia ameufuata utaratibu wa kiambishi ki- kwa uaminifu mkubwa, ila hajajua kwamba nomino za viumbe hai hufuata upatanishi wa mtu na watu. Makosa yote matatu yatakatwa alama moja, na wakosaji watatu hao wanahitaji masomo matatu tofauti.

5.3 Makosa ya ufahamu na mazoea ya habari

Habari ya ufahamu inayohusu ngalawa, matanga na kupwa kwa maji humtaka mtoto wa nyanda za juu apambane na mambo mawili kwa wakati mmoja: lugha na ulimwengu asioujua. Habari inayohusu kitalu cha miche ya parachichi ingempa mtoto wa Njombe nafuu hiyohiyo anayoipata mtoto wa Bagamoyo katika habari ya ngalawa. Mtihani wa taifa hauwezi kumridhisha kila mmoja. Upimaji wa darasani unaweza kuwa na habari za aina zote mbili, na mwalimu akalinganisha. Mwanafunzi anayeielewa habari ya parachichi na kushindwa ile ya ngalawa ana upungufu wa msamiati na maarifa ya mahali. Anayeshindwa zote mbili ana tatizo la kusoma lenyewe, na kwake kila mwezi unaopita bila msaada ni hasara.

6.0 Kulichambua jaribio kabla ya kumhukumu mwanafunzi

Kosa linaweza kuwa la mwanafunzi, na linaweza kuwa la swali. Kabla ya kuandaa jaribio, mwalimu hutakiwa kuwa na jedwali la utahini linaloonesha mada, malengo na idadi ya maswali kwa kila ngazi ya ujuzi. Baada ya jaribio, uchambuzi mwepesi wa maswali humwezesha kujua ni swali gani lilifanya kazi. Mfano ufuatao ni wa kubuni, umewekwa kwa ajili ya kuonesha hesabu.

Chukua darasa la wanafunzi 60. Karatasi hupangwa kuanzia alama ya juu hadi ya chini. Zichukuliwe 20 za juu na 20 za chini, na 20 za katikati ziwekwe kando. Kwa kila swali, hesabu waliopata katika kila kundi. Jumla yao ukiigawa kwa 40 unapata fahirisi ya ugumu. Tofauti kati ya kundi la juu na la chini ukiigawa kwa 20 unapata fahirisi ya utofautishaji.

Swali la kwanza limepatwa na wanafunzi 18 wa kundi la juu na 14 wa kundi la chini. Fahirisi ya ugumu ni 0.80 na ya utofautishaji ni 0.20. Swali ni rahisi na mada imeeleweka kwa wengi. Swali la pili limepatwa na 14 wa juu na 4 wa chini. Ugumu ni 0.45 na utofautishaji ni 0.50. Swali hili linawatenganisha vizuri wanaojua na wasiojua, na kundi la chini linahitaji mada hiyo irudiwe. Swali la tatu limepatwa na 6 wa juu na 9 wa chini. Utofautishaji wake ni hasi, yaani -0.15. Wanaojua zaidi ndio waliokosa zaidi, na hiyo ni dalili kwamba kasoro imo ndani ya swali.

Swali la namna hiyo huweza kuwa hili: Neno kaa lina maana gani? A. Mnyama wa majini mwenye magamba na miguu mingi. B. Kipande cha kuni kilichoungua. C. Kuishi mahali. D. Kupaza sauti. Majibu matatu ya kwanza ni sahihi yote. Mwanafunzi anayejua maana moja hujibu upesi, na anayejua zote tatu hubaki akibahatisha jibu lililo kichwani mwa mtunzi. Kumkata alama mwanafunzi huyo ni kumwadhibu kwa kujua. Mwalimu mwadilifu huliondoa swali katika hesabu na kuwaeleza wanafunzi sababu.

Hatua inayofuata ni kuangalia majibu yasiyo sahihi yaliyochaguliwa. Kama swali la pili lilikuwa la kukamilisha sentensi kwa kura, na wengi wa kundi la chini wamechagua kula, kosa lao lina sura moja na linatibika kwa somo moja. Kama wametawanyika katika majibu yote, wamebahatisha, na tatizo lao ni pana zaidi. Alama ya jumla haiwezi kuonesha tofauti hiyo.

Baraza la Mitihani hufanya uchambuzi wa aina hii kwa kiwango cha taifa na kuuchapisha katika taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo hueleza kwa kila swali namna watahiniwa walivyojibu na walikokwama. Taarifa hizo ni hazina kwa mwalimu wa mwaka unaofuata. Haziwezi kumsaidia mtahiniwa aliyekosea, kwa sababu zinapotoka yeye amekwisha kuondoka shuleni. Mwenye uwezo wa kumsaidia akiwa bado darasani ni mwalimu wake.

7.0 Vikwazo na namna ya kuvikabili

Hoja inayotolewa mara nyingi dhidi ya utaratibu huu ni wingi wa wanafunzi. Elimu bila malipo, iliyoanza kutekelezwa Januari 2016, iliwaingiza shuleni watoto wengi waliokuwa nje, na madarasa yakajaa. Hoja hiyo ni ya kweli na haipaswi kupuuzwa. Mwalimu mwenye madarasa matatu makubwa hawezi kuandika maelezo marefu katika kila daftari.

Njia nyepesi zipo. Ya kwanza ni kutumia herufi za aina ya kosa wakati wa kusahihisha: M kwa matamshi yaliyoingia katika tahajia, S kwa sarufi, F kwa ufahamu, T kwa mtiririko wa utungaji. Kuandika herufi hakuchukui muda mrefu kuliko kuchora alama ya kosa. Ya pili ni daftari la makosa la darasa, ambalo mwalimu huandika mistari michache kila baada ya jaribio: kosa lililojitokeza zaidi, kundi lililolifanya na hatua iliyochukuliwa. Ya tatu ni kupima kuzungumza kidogokidogo. Mwalimu akiwasikiliza wanafunzi watano kila siku ya shule, kwa dakika mbili kila mmoja, darasa la wanafunzi 60 litakuwa limesikilizwa lote kwa siku 12. Ya nne ni kuwashirikisha wanafunzi wenyewe katika kuyachambua makosa, kwa kuwa anayeweza kueleza kwa nini jibu si sahihi amekwisha kupiga hatua ya kulisahihisha.

Kikwazo cha pili ni matumizi ya matokeo katika usimamizi. Afisa elimu kata na mthibiti ubora wa shule hufika shuleni wakiuliza wastani na nafasi ya shule. Mwalimu anayepimwa kwa wastani ataulinda wastani. Kama maswali yao yangehusu pia daftari la makosa na hatua zilizochukuliwa, shule ingekuwa na sababu ya kulitunza.

Kikwazo cha tatu kinawahusu walimu wa masomo mengine ya sekondari, ambayo hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilikwisha kueleza kwamba wanafunzi wengi wa sekondari nchini hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia. Mwanafunzi wa Makambako anayeacha wazi swali la Baiolojia anaweza kuwa hajui somo, au hajaielewa lugha ya swali. Mwalimu wa Kiswahili ana nafasi ya kuwaonesha wenzake njia ya kutenganisha mambo hayo mawili: kumuuliza mwanafunzi jambo lilelile kwa mdomo, kwa lugha anayoimudu, kabla ya kuamua kwamba hajui.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba alama na kosa ni taarifa mbili tofauti zinazotoka katika karatasi moja. Alama hujibu swali la nani yuko wapi, na jamii ina haki ya kulijua jibu hilo inapogawa nafasi na kutoa vyeti. Kosa hujibu swali la kwa nini, na bila jibu lake ufundishaji hauna pa kuanzia. Tangu Azimio la Musoma, upimaji wa kila siku umekusudiwa kuwa njia ya kumfahamu mwanafunzi, na kila ulipogeuzwa kuwa chanzo kingine cha tarakimu lengo hilo limefifia.

Njombe na Makambako zinaonesha jambo hili kwa uwazi kwa sababu lugha za watoto wake zinatofautiana katika umbali mfupi. Mtoto wa kijijini aliyeandika kula na mtoto wa mjini aliyeandika vitabu hizi wanaweza kukaa dawati moja na kupata alama moja. Eneo hili linawapa watafiti uwanja mpana: uchunguzi wa makosa kwa kulinganisha wanafunzi kwa lugha zao za kwanza, uchunguzi wa uhalali wa maswali ya utungaji yasiyomtaka mtahiniwa aandike, na uchunguzi wa namna stadi ya kuzungumza inavyoweza kupewa nafasi katika mtihani wa Kiswahili bila kuathiri uthabiti wa matokeo. Kwa watahini, ombi ni dogo zaidi: kila swali litungwe kwa namna ambayo jibu lisilo sahihi nalo litasema jambo, na jambo hilo limfikie mwalimu wakati mwanafunzi angali mbele yake.